Petali Iliyopinda

"Programu mpya ikikwama katikati ya kuwekwa, cherehani hii inakufa kabisa," fundi alisema. "Lakini usijali, dada. Kampuni itakupa nyingine."

Akanionyesha kitufe cha kukubali. Kilikuwa kimebonyea katikati, kazi ya dole gumba la marehemu mama.

"Na maua ya kutarizi yaliyohifadhiwa humu?"

"Mpya inakuja na maua mia mbili, yote yamenyooka!"

Ua la mama lina petali moja iliyopinda. Alilichora kwenye mashine hii akiwa amenipakata, nikampiga teke mkononi. Hakulifuta. Alisema mwanawe ameshatia sahihi.

Fundi akatazama saa yake.

"Ngoja kwanza, kaka."

Nikavua kitambaa changu cha kichwani, nikakitandaza chini ya sindano.