Matembezi ya Nakijwa

Kila Jumamosi Eliamani huchukua simu mbili, yake na ya mkewe Nakijwa, akapanda nazo mlimani hadi chemchemi. Huku hakuna mtandao, lakini ramani zimo ndani ya simu, na setilaiti huziona popote. Asiyetembea mwezi mzima hufutwa kwenye ramani ya hospitali, na daktari hamfuati mtu asiyekuwamo. Nakijwa hajashuka kitandani tangu masika.

“Leo unanipeleka wapi, Baba Sifueli?” aliuliza Jumamosi hii.

“Chemchemi. Ila usinikimbize, magoti yangu unayajua.”

Nakijwa alicheka mpaka akakohoa.

Kwenye kona ya migomba Eliamani alikutana na jirani yao Namsifu, amebeba kikapu kilichofunikwa khanga. Ndani yake simu zilikuwa zikipokezana: “Pinda kushoto. Pinda kushoto. Pinda kushoto.” Walisalimiana, wakaulizana habari za mvua. Kikapu hakuna aliyekitaja.

Jioni alimkanda mkewe miguu kwa mafuta, kama kawaida yao baada ya safari.

“Nimechoka leo,” Nakijwa alitania. “Nilikutana na nani huko?”

Eliamani aliendelea kukanda, hakuinua macho.

“Wote, mke wangu. Kijiji kizima kilikuwa njiani.”