Kadi ya Mkeka

Mwaka ule Atupele alipata kadi ya jembe, mumewe Mbwiga akapata ya mkeka. Ndiyo sheria: kila Januari kata huchezesha bahati nasibu. Mwenye jembe huchimba makaburi bila kutoa chozi. Mwenye mkeka hukaa chini akaomboleza, awe mwanamke au mwanamume.

Desemba mama yake Atupele akafariki. Atupele aliingia shimoni, akachonga kuta zikanyooka kama za fundi. Kutoka mkekani sauti ya Mbwiga ikapanda: "Mama mkwe! Nani atanichagulia ndizi mbivu?" Majirani wote wakalia naye. Atupele akamtazama kwa fahari. Mtu huyu zamani hata jino likimuuma hakuguna!

"Shemeji anajua kulia, jamani," alisema mchimbaji mwenzake. "Na wewe je?"

"Nitalia zamu yangu ikifika."

Januari ikafika, na kadi ya mkeka nayo. Atupele alitandika mkeka sebuleni, akakaa, akafumba macho. Akangoja mpaka chai ikapoa.

"Baba Lusajo, machozi hayaji."

Mbwiga, jembe begani, akachuchumaa kando yake. "Usiyavute. Anza na kitu kidogo. Mimi nilianza na ndizi."

"Ndizi."

"Ehe. Alikuwa anazichaguaje?"

Atupele akainua mkono kumwonyesha. Vidole vikajikunja vyenyewe, kana kwamba bado vimeshika mpini.