Sabuni ya Mama Pétronille

Wamama kumi na wanne walikuwa wamekwisha kaa uani, na Papa Omer, mwenye nyumba, alikuwa amejibana nyuma ya pazia la mlango wa chumba chake mwenyewe.

Alikuwa ameaga kwamba anakwenda shuleni. Alipofika kwenye kona ya barabara aibu ikamrudisha, akaingia kwa mlango wa nyuma kama mwizi. Kumtwisha mke wako mzigo ni jambo moja. Kwenda kukaa ofisini huku mzigo unamwangukia, hilo hata yeye lilimshinda.

Mzigo wenyewe ulikuwa sabuni. Mtaa mzima wa Kataki uliijua sabuni ya Mama Pétronille, ngumu, yenye povu na harufu ya mchaichai. Hakuiuza. Aliwagawia majirani, wanawake waliojifungua, hata padri. Sasa wamama wa parokia walitaka kutengeneza ya kuwapelekea wakimbizi wa kambi ya Katanika, wakamwomba awafundishe. Alikubali palepale, mbele ya mumewe, bila hata kumeza mate.

Shida ni kwamba sabuni hiyo ilikuwa ya Papa Omer.

Mara moja kwa mwezi, Jumamosi, mkewe akiwa kwenye kwaya, yeye alivaa glavu, akamimina soda ya sabuni katika maji na kuiacha ipoe. Kisha aliichanganya na mawese, akakoroga mpaka mkono ukafa ganzi. Hapakuwa na moto. Sabuni hii hukorogwa ikiwa baridi. Mwishowe aliimwaga katika kisanduku cha mbao na kukifunika, na kelele zote za wanafunzi zikawa zimemtoka kichwani. Hakuna kitu alichokipenda hivyo, na hakuna alichokionea haya hivyo.

Haya hiyo aliitafuta kwa mdomo wake. Yeye ndiye mkuu wa nidhamu wa sekondari, na mwaka juzi, alipomwona mwalimu Rubens akifua nguo za watoto ziwani, alimtania mbele ya walimu wote mpaka yule bwana akahama meza. Leo mtu huyo huyo aseme kwamba Jumamosi zake anazimaliza na beseni na mwiko? Majirani waliposifu sabuni ya Mama Pétronille, yeye alinyamaza, na mkewe akanyamaza. Njia ya mwongo ni fupi, na yake ilikuwa imeishia uani kwake.

Maana Mama Pétronille, kwa kadiri Omer alivyojua, hakuwahi kuushika mwiko ule. Kazi yake ilianza baadaye. Alikiweka kisanduku stoo, akakata vipande, akaviacha vikauke mwezi mzima. Omer aliviona tena vikiwa tayari, vyeupe kuliko sabuni aliyoimimina, na kila mara alijipongeza.

Asubuhi hiyo alimwandikia vipimo vyote kwenye karatasi. Mkewe aliikunja bila kuisoma, akaichomeka kwenye kitenge.

"Usome basi, Mama Aimée," alimsihi kwa jina la binti yao. "Soda inaunguza. Utapata haya mbele ya watu."

"Enda kazini, Papa Aimée. Mimi nitajua."

Sasa alimsikia akianza. Aliwaambia wenzake kwamba soda ndiyo inayotiwa ndani ya maji. Ukimwagia maji juu ya soda itakurukia usoni. Omer akashusha pumzi, kumbe karatasi ilisomwa. Kisha mkewe akasema mawese yachemshwe kwanza yapoteze wekundu, halafu yaachwe yapoe kabisa. Hilo halikuwa kwenye karatasi.

Mama Anne-Marie, mkubwa wa kundi, akalalamika kwamba alishajaribu kwake, sabuni ikabaki uji. Mama Pétronille akamwuliza soda aliiweka wapi. Ndani ya karatasi, akajibu.

"Njo hapo ulikosea. Soda inafungwa ndani ya bidon ya plastiki, na kifuniko ya kukaza. Upepo ya ziwa ukiipata, inakufa. Sabuni haikauke hata mwaka."

Omer alifumba macho. Soda yake mwenyewe ilikuwa ndani ya karatasi, nyuma ya kabati, wageni wasiione, na sabuni yake ilikauka vizuri tu. Maskini, mke wake ameanza kubahatisha. Bado kidogo wamama watamwuliza jambo asilolijua, habari ifike parokiani kwamba alikuwa akisifiwa bure, na aliyemponza amejificha nyuma ya pazia.

Aibu ilimpanda. Alijiona mdogo, mdogo kuliko alivyowahi kumfanya mwalimu Rubens. Basi na iwe. Atatoka, atasema mbele ya wote kwamba sabuni ni yake, na atakayecheka acheke. Alishika pazia, mguu mmoja ukagusa kizingiti.

"Na wewe, mama," Mama Anne-Marie alikuwa akiuliza, "uliharibu mara ngapi mpaka ukajua?"

"Ya kwangu haijaharibika hata siku moja," alisema Mama Pétronille. "Lakini nimemwaga nyingi."

Wamama wakasogea karibu. Naye akashusha sauti kidogo, mwiko ukizunguka.

"Ukiwa na muntu nyumbani anapenda kutengeneza, na ya kwake inakataa kukauka, usimucheke. Ungoje aende kazini. Umwage yake kwa shimo, utengeneze ingine, uiweke mu kisanduku chake kabla arudi."

"Na yeye hajui?"

"Ajue ya nini, mama? Furaha yake njo kukoroga."