Shimo Alilolikashifu Nungunungu

Nungunungu hakuwahi kununua kitu bila kukitia kasoro kwanza. Siku aliyokwenda kununua shimo la Mzee Muhanga, alisimama mlangoni akapaza sauti mpaka majirani wakatoka.

"Hili nalo shimo? Linavuja, siafu wamelifanya njia yao, na udongo huu utamwangukia mtu usingizini!"

Muhanga, mpole asiyejua kubishana, akaona haya mbele za watu. Alikuwa ametaka vichuguu vitatu vya mchwa, akakubali kimoja. Nungunungu akahamia shimo kavu, imara, lisilo na siafu hata wa dawa, akajipongeza msimu mzima.

Watoto walipoongezeka na nafasi ikawabana, akatangaza kuliuza. Akaja Ngiri, asiyefanya jambo kwa haraka, ameandamana na Muhanga.

"Karibu, ndugu yangu. Humu mvua tunaisikia kwa majirani tu."

"Mbona kilima kizima kinasema linavuja?" akauliza Ngiri.

"Waongo hao! Aliyelichimba si huyu hapa? Mwulize!"

Muhanga akajikuna kichwa. "Mwanangu, mimi nimelala humo miaka yote nisijue kama linavuja, mpaka uliponifahamisha wewe."

Miiba ikamlala Nungunungu. "Jamani, yale yalikuwa maneno ya mnunuzi tu!"

"Basi leo mnunuzi ni mimi," akasema Ngiri. Akasimama palepale mlangoni, akasafisha koo.

Majirani walikuwa wameshaanza kutoka.