Maono ya Baba

Binti, fundi cherehani, alikuwa anampima baba yake shingo, amshonee joho jipya la kuhubiria, mzee alipotamka kama mtu anayeulizia chai:

"Mwanangu, yale maono niliyoyaona juu ya yule seremala, nadhani ilikuwa homa tu."

Kwa maono hayo binti alimwacha seremala huyo, mchumba aliyempenda. Sasa alishaoa, ana watoto.

"Kwa hiyo Mungu hakunikataza?"

"Sijui, mama. Siku zile nilikuwa naumwa. Ila umeishi vizuri, umemtumikia."

Chini ya utepe wa kupimia, mshipa wa mzee ulidunda taratibu kwenye vidole vya binti. Hakujua acheke au alie, wala amlaumu nani.

"Mbona unanibana, mama?"

Hata yeye hakujua ameanza kuvuta utepe saa ngapi.