Wastani

Siku hizo kipimo cha takwimu kikishasajiliwa hakikubadilishwa, na dawa iliyoanguka katika kipimo hicho ilikusanywa nyumba kwa nyumba siku hiyohiyo.

Kazi ya Mwanatumu ilikuwa kuwasaidia watafiti kuchagua kipimo kinachofaa. Dakta Mrema alipomletea utafiti wa dawa ya maradhi ya kutetemeka, yeye ndiye aliyemshauri alinganishe wastani wa makundi mawili, waliopewa dawa na wasiopewa. Matokeo yakawavunja moyo. Wagonjwa wengi hawakupata nafuu hata chembe, wachache waliacha kabisa kutetemeka, na wastani ukawameza wachache hao. Mmoja wao alikuwa mama yake Mwanatumu.

"Hakuna kipimo ambacho kingewaona?" Dakta Mrema aliuliza kwa sauti ya chini.

"Kipo. Lakini tukikichagua baada ya kuona matokeo, hicho si kipimo tena, daktari. Ni matamanio yetu."

Jioni alimkuta mama yake jikoni akichambua mchele, vidole vyake vimetulia kama vya msichana.

"Mwanangu, wamekuja watu wakachukua dawa zangu. Kwani nimekosa nini?"

"Hujakosa kitu, mama."

"Basi watanirudishia lini?"

Mwanatumu akaketi, akavuta ungo upande wake, wakachambua pamoja. Hakuthubutu kusema ni nani aliyechagua kipimo.

Wiki iliyofuata, wakinywa chai, kikombe cha mama kilianza kugongagonga kwenye kisahani. Mama akaongeza sauti ya redio, na Mwanatumu akajifanya anaisikiliza.