Kabati la Mlangoni

"Ishirini na tisa... thelathini. Pumzika, ila usiulegeze mkanda," alisema mtaalamu wa viungo.

Fundi cherehani alishusha mguu, akauma meno. Mkanda uliojaa hewa, kama ule wa kupimia presha, ulikuwa umembana juu ya paja, na paja lote lilimwaka moto. Uzito aliofungwa mguuni ulikuwa kilo mbili tu. Ujanja ulikuwa hapo: damu ikibanwa kidogo, msuli hufanya kazi kubwa kwa uzito mdogo, na mgongo haubebeshwi mzigo. Bado raundi tatu za kumi na tano.

"Mgongo ulirudi lini?"

"Jana, Jumapili."

Mtaalamu, kijana bado, akafungua daftari. "Wiki iliyopita Jumapili. Wiki ya juzi, Jumapili. Mama, Jumamosi unanyanyuaga nini?"

"Ninyanyue nini, mwanangu? Mimi na cherehani yangu tu."

"Wimbo wenu mmoja. Nina mgonjwa mwingine wa Alhamisi, naye hajawahi kunyanyua hata kijiko." Alikuwa mtu wa utani, lakini safari hii hakucheka. "Hicho usichonyanyua, mama, kiache. Ukiendelea, iko siku utalala chini usiinuke."

Akiache vipi?

Kila Jumamosi, mumewe akishatoka kupelekea wateja nguo zao, fundi aliliwekea bega kabati la mbao lililosimama ukumbini na kulisukuma mpaka mlango wa nyuma yake uonekane. Mumewe, ambaye mtaa mzima ulimwita Dobi, ndiye aliyeliweka pale miaka miwili nyuma, wiki waliyomzika mtoto wao wa pekee. "Mlango huu tusiufungue tena," alisema, basi. Tangu siku hiyo jina la mtoto huyo halikutajwa ndani ya nyumba. Dobi alipiga pasi, akala, akalala. Fundi alifika mahali pa kumchukia kwa jinsi alivyolala.

Siku ya kwanza aliingia chumbani humo kwa mwanawe ili anuse mto tu. Jumamosi iliyofuata aliukuta mto umebonyea katikati, na hakuwa ameulalia yeye. Akajiambia ni uzee unamchezea. Ya tatu, shati la kijani aliloliacha kwenye kiti lilikuwa kitandani, limekunjwa, mikono imefichwa nyuma. Hivyo ndivyo mwanawe alivyokunja tangu akiwa mdogo.

Nywele zilimsimama. Kisha akakaa sakafuni, akalia kwa furaha. "Karibu nyumbani, baba," alimwambia.

Akaanza kumwachia glasi ya maji, maana mtoto yule hakuwahi kuingia ndani bila kuulizia maji. Jumamosi baada ya Jumamosi aliikuta glasi tupu. Alijaza nyingine, akafunga mlango, akalirudisha kabati kwa mgongo unaopiga kelele. Dobi hakuambiwa kitu. Angejua, angeupigilia mlango misumari. Isitoshe naye siku hizi alivaa viatu huku ameshika ukuta, na akiulizwa anajibu, "Uzee, mama, uzee."

Jumamosi baada ya onyo la kliniki, kabati lilikataa. Fundi alisukuma mpaka macho yakaingia giza. Likasogea upana wa kiganja, mgongo ukakatika kama uzi, akajikuta chini. Alilala pale ukumbini, shavu kwenye saruji, akiutazama ufa mwembamba wa mlango. Hakulilia mgongo. Alimlilia mtoto aliye ndani na kiu, anayedhani mama yake amemchoka.

Jumatatu, siku yake ya mazoezi, umeme ulikatika kliniki, pampu ya mikanda haikufanya kazi, akahamishiwa Alhamisi. Akafika akitembea kwa kupinda. Njiani alikuwa ameshakata shauri: leo angemweleza mtaalamu wake kila kitu, hata akicheka, mradi ampe miguu ya kusukuma kabati.

Akalazwa kwenye kitanda cha dirishani. Upande wa pili wa pazia pampu ilikuwa inapuliza, na mtaalamu alikuwa na mgonjwa mwingine.

"Mzee wangu, wewe kila Alhamisi unaniletea mgongo uleule. Leo hutoki hapa hujanieleza. Jumatano unanyanyua nini?"

Mkanda ukatoa hewa taratibu.

"Kabati," ilijibu sauti ya Dobi. "Mke wangu akishaenda mjini kufuata vitambaa. Naomba asijue, atasema nimerukwa na akili. Lakini mwanangu bado ananiwekea maji."